Barua Aliyoisoma Diwani

Sufu iliyoloweshwa ikipigwa pasi ya moto hutoa harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Kama hukulelewa na fundi cherehani, utaziba pua. Mimi hunusa na kusimama. Mwezi uliopita nilipita mbele ya duka la dobi hapa Johannesburg, mlango ukiwa wazi na mvuke ukitoka mpaka njiani, nikajikuta nimeganda pale na mifuko yangu ya sokoni, watu wakinikwepa na kusonya. Kilichonigandisha ni Jumamosi moja ya zamani ambayo nimeikimbia miaka mingi. Leo nitawasimulia, maana nimechoka kukimbia.

Tulikaa mtaa wa Jeppestown, humuhumu mjini, ghorofa ya pili, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu vitanda, upande ule cherehani ya Papa, baba yangu. Sisi ni watu wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Nilifika Afrika Kusini nikiwa mgongoni mwa mama, kwa hiyo Uvira naijua kwa masimulizi tu, lakini Jeppestown naijua kwa magoti, kwa jinsi nilivyoanguka kwenye kila ngazi yake. Mama alisuka nywele Joubert Park na alirudi jioni vidole vimevimba. Papa alishona sare za walinzi, suti za harusi, na chochote kilicholetwa mlangoni. Jina langu ni Furaha, nimerithi la bibi mzaa baba, na kwa kuwa mtu hamwiti mama yake kwa jina, Papa aliniita Mama. Hata aliponigombeza, alinigombeza kwa heshima.

Chini yetu, mlango ukitazama barabara, palikuwa na duka la Mzee Lazar. Aliuza vifungo, zipu, bitana na nyuzi, na watoto wa jengo letu tulimwita Baba Vifungo. Alikuwa mfupi, ana miaka karibu themanini, na hazina yake ya vifungo ilijaa masanduku ya mbao hadi darini, kila sanduku limebandikwa kifungo kimoja kwa nje ili ujue kilichomo ndani. Nyumbani kwake kulikuwa Bertrams, na alikuja kazini kwa miguu.

Siku Papa aliponiambia kwamba Baba Vifungo ni Myahudi, nilishuka ngazi mbio kwenda kumtazama upya. Wayahudi niliwajua wa kanisani, tuliowaimba kila Jumapili, nami niliamini wote walikwisha kufa pamoja na ngamia wao. Nilimuuliza kama aliwahi kuonana na Musa. Akafikiri kidogo, akanijibu kwamba yeye hakuwahi, ila babu yake alikuwa akimlalamikia Musa kila siku kwa wingi wa makatazo aliyowaachia. Kisha akanipa kifungo cha kombe, nikaenda kujivuna nacho shuleni.

Makatazo hayo ndiyo yaliyotulisha. Wateja wa Mzee wenye kushika dini walikuwa wakimletea makoti mapya yakaguliwe, kwa sababu kwao sufu na kitani haviruhusiwi kukaa katika vazi moja. Macho ya Mzee yalikuwa yameanza kufifia, hivyo kazi akampa Papa. Papa alifumua kola mishono mitatu minne, akavuta uzi mmoja kutoka ndani, akauchoma kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, kitani hunuka karatasi. Mwanzoni Papa alidhani Mzee anamjaribu tu, kama wateja wanavyomjaribu fundi mgeni. Nikamtafutia aya yenyewe katika Kumbukumbu la Torati. Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Hii Biblia niliibeba toka Uvira," alisema, "na haikuniambiaka kitu."

Tangu siku hiyo alimheshimu Mzee kama mtu aliyemsaidia kusoma barua yake mwenyewe. Lugha ya pamoja hawakuwa nayo. Papa alikuwa na Kiswahili na Kifaransa, Mzee alikuwa na Kiingereza, nami nilikaa katikati nikitafsiri. Kazi hiyo niliipenda mno. Mtoto anayetafsiri hupata kusikiliza mambo ya wakubwa bila kufukuzwa. Nilitafsiri kwa mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kwa nesi, hata kwenye ofisi ya wakimbizi, ambako kila miezi sita Papa alikwenda kuongezewa muda wa karatasi yake ya kuishi nchini na kurudi amenyong'onyea.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, maji yalikatika katika jengo zima. Wiki ya kwanza tulicheka. Wiki ya tatu hakuna aliyecheka. Tulipanga mstari na vidumu kwenye kituo cha mafuta karibu na robot, taa za barabarani, na mwenye kituo alipochoka nasi tukawa tunakwenda mbali zaidi. Vyoo vilinuka hadi chumbani. Kichanga wa jirani yetu aliharisha akalazwa hospitali. Mtu anapobeba maji ghorofa mbili kila siku, hutaka kumjua aliyemfanyia hivyo, na kama hamjui atamtafuta aliye karibu.

Aliye karibu alikuwa Mzee Lazar. Sijui nani alianza kusema kwamba jengo ni lake. Ilisemwa ngazini, ikasemwa kwenye mstari wa maji, na kufikia Jumatatu ilikuwa jambo linalojulikana. Myahudi wa chini ndiye mwenye nyumba, amekata maji ili tuhame. Wengine waliongeza kwamba ndivyo walivyo, benki zao, serikali yao, maji yao. Mwanamke mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuwa akilia machozi Jumapili akiiombea Israeli, alisema huku akijitwisha ndoo kwamba watu waliomuua Yesu hawashindwi kukata maji. Hakuona kama maneno hayo mawili yanagombana. Mimi niliona, lakini mtoto haulizi.

Ukweli ulikuwa mwepesi. Mzee alikuwa mpangaji kama sisi. Jengo lilikuwa la kampuni fulani ambayo ofisi yake hatukuwahi kuiona, na bomba lililooza chini ya ua lilikuwa la kampuni hiyo. Bomba la duka lake lilikuwa kavu kama letu. Nilijua kwa sababu chupa yake ya maji ya kunawa nilimjazia mimi.

Diwani wa mtaa wetu aliitisha mkutano. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, picha zake zimebandikwa kila nguzo, akitabasamu. Mkutano ulikuwa uwe Alhamisi, kisha ukasogezwa Jumamosi saa nne asubuhi. Papa alishuka nami kwa Mzee kumwambia lazima aje, asimame mbele ya watu waone uso wake.

Mzee alitikisa kichwa. Jumamosi ni Sabato. Haji dukani, habebi kitu, haandiki, hazungumzi mambo ya kazi. Angekwenda sinagogi kwa miguu na kurudi nyumbani, kama alivyofanya tangu utoto wake.

"Mama, umwambie aje kidogo tu," Papa alisema. "Akae nyuma. Kwetu tunasema asiyekuwepo na lake halipo."

Nilitafsiri. Mzee alicheka, akasema methali ni nzuri lakini hawezi kuivunja Sabato kwa sababu ya methali. Ila angeweza kumpelekea diwani barua kabla. Akaandika palepale, Ijumaa mchana, kwa kalamu ya wino. Alieleza kwamba yeye ni mpangaji, kwamba duka lake nalo halina maji, akataja jina la kampuni yenye jengo, akaambatisha nakala ya mkataba wake wa kupanga. Mwishoni alimwomba diwani jambo moja, awaambie watu hivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe hataweza kuwapo. Najua yaliyomo kwa sababu alinisomea, nami nikamsomea Papa.

Mimi ndiye niliyeipeleka. Ofisi ya diwani haikuwa mbali, na niliingizwa moja kwa moja, labda kwa sababu ya sare ya shule. Aliifungua mbele yangu. Aliisoma yote, akageuza na ule mkataba akausoma, kidole kikifuata mistari. Alikuwa amevaa koti la kahawia, na kama mtoto wa fundi niliona bitana ya ndani imeachia upande wa kushoto. Alikunja barua akaiweka mfuko wa ndani wa koti hilo, akanipa peremende.

"Mwambie mzee nimeelewa," alisema. "Mwambie apumzike vizuri Sabato yake."

Nilirudi mbio na ujumbe. Mzee aliushukuru, akafunga duka mapema, akaondoka kuelekea Bertrams bila haraka. Usiku huo nililala vizuri sana.

Mkutano ulikuwa uani, mahali vijana walipokuwa wakinyoosha bodi za magari. Diwani alisimama juu ya trela, kipaza sauti mkononi, askari wawili nyuma yake. Koti lilikuwa lilelile la kahawia. Nilimwonyesha Papa ile bitana, tukanong'ona kuhusu mshono, tulikuwa na amani kiasi hicho.

Aliyeomba kusema kwanza alikuwa baba yake Nomsa. Nomsa alikuwa rafiki yangu wa pekee shuleni, na baba yake hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Aliwahi kunipokea ndoo mara mbili ngazini. Lakini siku ile alisema kwa Kizulu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba kila mtu anamjua aliyekata maji. Ni Myahudi. Ndio wanaoshika kila kitu, wanakaa pembeni wanahesabu huku watu wanakufa na kiu.

"Eish, hata leo yuko wapi?" aliuliza. "Angekuwa hana hatia angekuwa hapa."

Watu waliitikia. Mtu mwingine akasema maneno kuhusu Wayahudi ambayo sitayaandika, kisha kicheko, kisha mbinja. Macho yote yakageuka kwenye trela.

Nami nilimtazama diwani kwa furaha, mjinga mimi. Nilingoja atie mkono mfukoni. Alitia mkono, kweli, akatoa leso, akajifuta shingo. Akanywa maji kwenye chupa, taratibu, mbele ya watu wasiokuwa na maji.

"Nimewasikia," alisema. "Hasira yenu ni hasira yangu. Tutalifuatilia jambo hili."

Akapigiwa makofi. Akaanza kueleza habari za kujiandikisha kupiga kura.

Hapo Papa akanyoosha mkono. Sijui kama mnaelewa ilimaanisha nini. Papa alikuwa mtu anayevuka barabara akiona sare ya polisi. Mikutanoni alikaa nyuma, karibu na mlango. Lakini alinyoosha mkono na diwani akampa nafasi, na umati ukanyamaza kwa sababu ya ajabu ya kumwona fundi wa ghorofa ya pili amesimama.

"Mama, umwambie diwani hivi," Papa alisema kwa Kiswahili, mkono wake begani kwangu. "Umwambie aseme ile alisoma mu barua. Aseme mbele ya watu. Ule mzee hana nyumba hapa, na maji yake pia ilikatwa. Yeye anajua."

Nilifungua mdomo. Nikaona nyuso, mia moja au zaidi. Nikamwona Nomsa ameshika mkono wa baba yake. Wiki ile alikuwa ameniambia kwamba wasichana wengine wanasema mimi ni wa Myahudi sasa, tena kwerekwere, mgeni, na kwamba yeye ananitetea lakini anachoka. Nikamtazama diwani, na diwani akanitazama. Alinikumbuka. Alitabasamu kidogo, tabasamu la kwenye nguzo, akangoja.

Nikasema kwa Kizulu, "Baba yangu anasema ngiyabonga, anakushukuru kwa kuja."

Watu walipiga makofi kwa ukarimu. Diwani aliweka mkono kifuani akamwinamia Papa. Papa akasimama kidogo, akaketi.

Alasiri ile walivunja duka. Tulisikia vioo kutoka juu. Papa alikuwa kwenye cherehani, koti la sufu lililotoka kupigwa pasi likifuka mvuke kando yake, mguu juu ya kanyagio, na mguu haukusogea mpaka kelele zilipokwisha. Mama alikuwa amefunga mlango na kuuegemea. Nilikuwa nyuma ya pazia, kifungo changu cha kombe kimo mkononi.

Mzee alikuja Jumapili asubuhi. Wakati ule vifungo vilikuwa vimetapakaa hadi kwenye mtaro, na mlangoni palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu neno la kumtukana yeye na mababu zake wote. Alivua koti, akachuchumaa, akaanza kuviokota kimoja kimoja akivitenga kwa rangi, kana kwamba kuna mteja anayengoja. Papa hakwenda kanisani siku hiyo. Alichuchumaa karibu naye na mimi karibu na Papa, na watu waliokuwa wakienda ibadani, wa kwetu, wenye Biblia kwapani, walitupita kwa kutembea ukingoni ili wasikanyage vifungo.

Baada ya muda mrefu Mzee aliniuliza kama diwani aliisoma barua. Nikasema aliisoma yote mbele yangu. Akauliza alisema nini mkutanoni. Nikasema hakusema. Nilingoja aniulize kama kuna mwingine aliyesema, nami nikawa nimejiandaa kudanganya. Hakuuliza. Alirudi kwenye vifungo vyake vyeupe.

Diwani naye alikuja siku ya pili na mpiga picha. Alisema uhalifu haukubaliki katika mtaa wake. Uhalifu, hilo ndilo neno alilochagua. Nyuma yake lile neno jekundu lilikuwa bado mlangoni, na mpiga picha akamwomba asogee kushoto ili lisionekane. Maji yalirudi wiki mbili baadaye, kampuni ilipotuma watu kuchimba ua. Walichimba mchana kweupe, kila mtu akaliona bomba bovu, na hakuna aliyekwenda kumwomba Mzee radhi. Kufikia hapo hakuwapo tena. Binti yake alimchukua kwenda Cape Town, na huko, tulisikia, hakumaliza mwaka.

Miaka michache baadaye, walipotugeukia sisi wageni na maduka ya Wasomali na Wakongo yakavunjwa, nilimsikia diwani yuleyule redioni akiwaambia watu kwamba hasira yao ni hasira yake. Sikushangaa. Mtu akishaona sentensi imempa kiti, kwa nini atafute nyingine?

Sasa yeye ni mheshimiwa mkubwa. Jioni ya siku ile niliyosimama kwa dobi, nilimwona kwenye televisheni katika hafla ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa Ulaya. Alivaa kofia yao ndogo kichwani, suti nzuri, bitana bila shaka imeshonwa vizuri. Alisema kiongozi asiyeikemea chuki anaikaribisha ndani. Maneno mazuri, na yote kweli. Nilizima televisheni kwa hasira hadi kidole kikauma, nikaenda Bertrams, ambako Papa naye anakaa siku hizi.

Papa amezeeka, anashona kwa miwani miwili. Nilimwambia. Miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimemwachia aamini kwamba alisema ukweli mbele ya watu na diwani akamdharau. Nilimweleza kwamba hakudharauliwa, hakusikika, kwa sababu binti yake alimeza maneno yake akayageuza kuwa shukrani. Nilikuwa nikilia, mwanamke mzima.

Papa aliendelea na pindo lake hadi uzi ukaisha.

"Mama," alisema, "nilikuwa na miaka kumi mu hii inchi. Kila mteja akichukua suruali yake anasema ngiyabonga. Unafikiri sikuijua?"

Nilijifuta machozi kwa kiganja.

"Nilisikia. Ningeweza kusimama tena, nikwambie rudia. Niliketi. Na kuketi kuliniletea raha, Mungu anisamehe." Alitafuta tundu la sindano, akalikosa, akanipa nimtungie. "Wewe ulikuwa mutoto. Mimi karatasi yangu ilikuwa imebakiza wiki mbili. Basi tunajihukumu sisi wawili kila siku, na ule anavaa kofia."

Nilimtungia uzi. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba kulikuwa na neno moja ambalo lingeokoa duka la Mzee Lazar, na kwamba neno hilo lilikuwa kinywani mwangu. Imenichukua umri huu wote kuelewa kwamba halikuwa langu, wala la Papa. Lilikuwa na mwenyewe, aliyechaguliwa ili aliseme, aliyekuwa na kipaza sauti mkononi na askari wawili nyuma yake. Hakuna aliyemtishia siku ile. Aliutazama ule umati, akahesabu, akaona Mzee Lazar ana kura moja tu.